Valdés wa manowari na Valdés wa kinanda: je, ni ukoo mmoja?

Msomaji mmoja wa Morogoro ameniandikia hivi: "Shikamoo mwalimu. Marehemu baba alikuwa mpiga gitaa wa dansi, akatuachia santuri nyingi za muziki wa Kuba. Humo ndimo nilimokutana na jina Valdés: Miguelito, Bebo, Chucho. Juzi nilikuwa nasoma habari za vita vya baharini vya Wahispania, nikamkuta Valdés kwenye Armada ya 1588, Valdés mwingine Trafalgar mwaka 1805, kisha jemadari Valdés huko Peru. Je, hawa wote ni ukoo mmoja? Na kama ni mmoja, imekuwaje maofisa wa mfalme wa Hispania wawe na vizazi vya watu weusi wanaopiga kinanda Havana?"

Marahaba, mwanangu, na Mungu amrehemu mzee. Hukushangaa bure. Wa kwenye manowari, wengi wao, asili yao kweli ni pembe moja ya Hispania, na baadhi ni ndugu kabisa. Lakini kutoka kwao hadi Havana ya santuri zako, huwezi kwenda kwa kufuata damu peke yake. Kuna jambo lilitokea njiani, na jambo hilo lilianzia katika nyumba ya watoto wachanga. Nitafika huko, ila tuanze mwanzo.

Kaskazini mwa Hispania, kwenye pwani ya mvua na milima, kuna nchi inaitwa Asturias. Upande wake wa magharibi ipo wilaya inayoitwa Valdés, na mji wake mkuu ni Luarca, bandari ya wavuvi. Jina la ukoo limetoka kwenye jina la mahali, kama nisba kwetu: mtu huitwa Barwani au Shirazi kwa mahali ambapo wahenga wake wanasemekana walitoka. Hapa watu wengi huteleza. Majina ya Kihispania yanayoishia na -ez kwa kawaida ni ya "bin fulani": Fernández ni mwana wa Fernando, Rodríguez ni mwana wa Rodrigo. Valdés haimo katika kundi hilo. Amerika ya Kusini na Marekani wengi wameandika Valdez kwa z, basi mtu akiliona hudhani aliwahi kuwapo mzee aliyeitwa Valdo. Asili yake ni ardhi.

Na jina la ardhi lina tabia yake. Jina la "bin fulani" huanza na mzee mwenye jina hilo, lakini jina la mahali linaweza kuchukuliwa na familia kumi zisizojuana, kwa sababu tu zote zilitoka huko. Kwa hiyo hata ndani ya Asturias yenyewe, kusema "Valdés wote ni ndugu" ni kuharakisha.

Wale uliowakuta kwenye Armada, msafara wa manowari ambao Hispania iliutuma kuivamia Uingereza, walikuwa ndugu, tena ndugu wasiopatana. Pedro de Valdés, mtu wa Gijón, aliongoza kikosi cha Andalusia akiwa ndani ya merikebu kubwa iitwayo Nuestra Señora del Rosario. Binamu yake, Diego Flores de Valdés, alisimamia kikosi cha Castilla na alikuwa mshauri wa mambo ya bahari wa kamanda mkuu, Duke wa Medina Sidonia. Mwisho wa Julai 1588, ndani ya mkondo wa bahari baina ya Uingereza na Ufaransa, Rosario iligongana na merikebu za wenzake, mlingoti wa mbele ukaanguka, ikabaki inaelea bila kutii usukani. Diego akamshauri mkuu wake asivunje msafara wote kwa ajili ya chombo kimoja. Msafara ukaenda zake. Asubuhi yake Francis Drake akaja kumchukua Pedro na merikebu yake, na Pedro akakaa mateka Uingereza hadi 1593. Diego aliporudi nyumbani alitiwa gerezani Burgos. Sisemi kwamba Diego alimwacha binamu yake kwa chuki. Kwa hesabu za baharini ushauri wake ulikuwa na mantiki. Ila Pedro mwenyewe hakuona hivyo, na uchungu wake naufahamu.

Mshike huyo Pedro, maana mwaka 1602 mfalme alimpeleka kuwa gavana wa Kuba, akakaa huko hadi 1608. Ndiye gavana wa kwanza wa Kuba aliyeitwa Valdés. Kama tungekuwa tunasaka babu wa damu wa wanamuziki wako, mtu angekimbilia kumnyooshea kidole yeye, naye angekosea.

Yule wa Trafalgar ni Cayetano Valdés y Flores, aliyezaliwa Sevilla mwaka 1767. Huyu nampenda. Kabla ya vita alikuwa mchunguzi wa pwani: mwaka 1792 akiwa nahodha wa kijimeli kiitwacho Mexicana, pamoja na Dionisio Alcalá Galiano aliyeongoza Sutil, walikizunguka kisiwa ambacho leo kinaitwa Vancouver, na njiani wakakutana na George Vancouver mwenyewe, wakafanya kazi pamoja kwa amani. Mwaka 1797, kwenye vita vya Rasi ya São Vicente, aliiingiza manowari yake Pelayo katikati ya moto kuiokoa Santísima Trinidad, iliyokuwa karibu kusalimu amri. Na Trafalgar, tarehe 21 Oktoba 1805, Wahispania na Wafaransa walipopambana na Waingereza, alikuwa na manowari Neptuno katika kundi la mbele la jemadari Mfaransa Dumanoir. Katikati ya safu wenzao walikuwa wanasagwa. Dumanoir hatimaye akajitenga na kuondoka na sehemu ya kundi hilo. Neptuno ikageuka kuelekea kwenye mapigano. Cayetano alijeruhiwa vibaya, na jioni manowari yake ikatekwa.

Ami yake, Antonio Valdés, hakupata sifa ya aina hiyo, lakini alama zake ndizo zilizodumu. Alikuwa waziri wa jeshi la majini kuanzia 1783 hadi 1795. Ndiye aliyemletea Mfalme Carlos wa Tatu michoro ya bendera mpya ya manowari, na mwaka 1785 mfalme akachagua ule wa nyekundu, njano, nyekundu. Bendera ya Hispania unayoiona leo kwenye mpira ilianzia hapo. Wachunguzi wa baharini nao walimheshimu kwa kubandika jina lake kwenye ramani: Rasi ya Valdés huko Argentina, mahali ambapo nyangumi huja kuzalia, na bandari ya Valdez huko Alaska, iliyopewa jina na Salvador Fidalgo mwaka 1790. Meli ya mafuta iliyopasuka Alaska mwaka 1989 na kuchafua bahari, Exxon Valdez, jina lake lilitoka kwenye bandari hiyo. Unaona jina linavyosafiri: kutoka wilaya ya wavuvi hadi kwa waziri, kutoka kwa waziri hadi bandarini, kutoka bandarini hadi kwenye ubavu wa meli, na katika hatua hizo mbili za mwisho hakuna damu hata tone.

Jemadari wa Peru ni Jerónimo Valdés. Naye ni wa Asturias, mwanafunzi wa sheria katika Chuo Kikuu cha Oviedo aliyeacha vitabu mwaka 1808 Wafaransa walipoivamia nchi. (Chuo hicho kilianzishwa kwa mali ya Valdés mwingine tena, Fernando de Valdés, askofu mkuu wa Sevilla na mkuu wa mahakama ya dini katika karne ya 16. Kwa Asturias jina hili limejaa kama Juma kwetu.) Huko Peru Jerónimo alikuwa miongoni mwa makamanda wenye uwezo mkubwa kabisa upande wa mfalme. Aliwashinda wapigania uhuru Torata mwanzoni mwa 1823. Kisha tarehe 9 Desemba 1824, uwandani Ayacucho, aliongoza kikosi kilichoanza kuusukuma nyuma upande wa kushoto wa wapinzani, lakini pengine kote jeshi la mfalme lilivunjika, mwakilishi wa mfalme akatekwa, na utawala wa Hispania Amerika ya Kusini ukawa umekwisha. Mwaka 1841 alipelekwa kuwa gavana mkuu wa Kuba, hadi 1843. Jina lake lote, Jerónimo Valdés, liweke pembeni. Tutaligonga tena muda si mrefu, kwa mtu mwingine kabisa.

Hukuniuliza habari za wachoraji, lakini siwezi kupita bila kumtaja Juan de Valdés Leal, maana yeye ndiye anayekuonyesha kwamba jina la ukoo kwa Wahispania si kamba moja inayoshuka kutoka kwa baba. Alizaliwa Sevilla mwaka 1622. Baba yake alikuwa Mreno, Fernando de Nisa. Mama yake alikuwa Antonia de Valdés Leal. Mtoto akachukua jina la mama, na zamani hizo hakuna aliyeona ajabu: ndugu wa tumbo moja waliweza kubeba majina tofauti, huyu la baba, yule la bibi mzaa mama, kwa urithi au kwa heshima tu. Utaratibu ulionyooka wa leo, jina la kwanza la baba na la pili la mama, ulikuja kukazwa baadaye sana.

Picha zake mbili zipo hadi leo kwenye kanisa la hospitali ya wahitaji, Hospital de la Caridad, pale Sevilla, alizochora kati ya 1670 na 1672. Ya kwanza inaitwa kwa Kilatini In ictu oculi, na Kiswahili kinaitafsiri bila kutoka jasho: kufumba na kufumbua. Mifupa ya mtu inatembea, jeneza kwapani na mundu mkononi, inazima mshumaa. Chini ya miguu yake kuna panga, deraya, vitabu, mataji. Ya pili inaonyesha askofu amelala ndani ya jeneza, wadudu wanamla, na kando yake shujaa wa kijeshi amevikwa joho la Calatrava, chama cha wapiganaji wa dini, naye anaoza. Aliyezichora alibeba jina ambalo lilikuwa limeshatoa maaskofu na wanajeshi, na jina lenyewe alilitoa kwa mama.

Sasa Havana.

Mwaka 1705 aliteuliwa askofu mpya wa Kuba, mtu wa asili ya Asturias, na jina lake lilikuwa Jerónimo Valdés. Ndiyo, sawasawa na yule jemadari, ila huyu alifariki mwaka 1729, zaidi ya nusu karne kabla jemadari hajazaliwa. Nimeshaona maandishi yanayowachanganya wawili hawa, na anayewachanganya hawezi kuuelewa muziki wako unatoka wapi. Askofu huyu aliona jambo lililoujaza mji wa bandari kama Havana: watoto wachanga walioachwa usiku vizingitini, makanisani, hata njiani, ambako mbwa waliwatangulia watu. Akafungua nyumba ya kuwapokea, iliyojulikana kama Casa Cuna, yaani Nyumba ya Susu. Katika nyumba za namna hiyo ukutani kulikuwa na kisanduku cha kuzunguka: mama anamweka mtoto upande wa nje, anagonga kengele, anakizungusha, na mlezi aliye ndani anampokea bila kumwona aliyemleta. Na kwa kuwa watoto hawa hawakuwa na jina la baba, askofu aliwapa la kwake. Kila aliyepita kwenye susu lile akawa Valdés.

Desturi iliendelea baada ya askofu kufa, ikashika kizazi baada ya kizazi. Fikiria maana yake. Watoto hao walikuwa wa kila rangi: wa mabinti wa Kizungu waliotaka kuficha aibu, wa machotara, wa wanawake weusi huru na watumwa. Kuba ilikuwa nchi ambamo damu ya mtu iliandikwa vitabuni na kumwamulia amwoe nani na afanye kazi gani. Mwaka 1794 Mfalme Carlos wa Nne alitoa amri kwamba watoto wa kuokotwa wahesabiwe kuwa halali mbele ya serikali, na yeyote atakayewaita haramu aadhibiwe. Ghafla jina Valdés likawa na mambo mawili ndani yake: mtaani liliashiria "huyu hana baba", na kwenye karatasi lilimfungulia mwenye nalo njia ambazo rangi yake ingezifunga. Ndiyo maana Kuba ina akina Valdés wengi kupita kiasi, na ndiyo maana wengi wao ni watu weusi na machotara. Ongeza na hili: mtumwa naye kwa kawaida aliandikwa kwa jina la bwana wake, na palikuwa na mabwana walioitwa Valdés.

Katika watoto hao wa susu mmoja alikuwa mshairi. Alizaliwa Havana Machi 1809. Mama yake alikuwa mcheza dansi Mhispania kutoka Burgos, Concepción Vázquez. Baba yake alikuwa kinyozi chotara, Diego Ferrer Matoso. Mama akampeleka kwenye nyumba ile, wakamwandika Gabriel de la Concepción Valdés. Baadaye baba alimchukua kumlea, lakini jina lilishaandikwa. Dunia inamjua kwa jina la kishairi, Plácido. Alijifunza uchapaji, kisha akaishi kwa kutengeneza vitana vya gamba la ng'amba, kazi ile ile ya gamba ambayo mafundi wa mwambao wetu waliijua vizuri. Mashairi aliyatunga popote, harusini, kwenye sikukuu, gazetini, kwa wepesi uliowaudhi waliosoma kumzidi. Kitabu chake kilichapishwa Matanzas mwaka 1838.

Kisha ikaja 1844. Jemadari Jerónimo Valdés alikuwa ameshaondoka ugavana, na mahali pake alikuwa Leopoldo O'Donnell. Serikali ikatangaza kwamba imegundua njama ya watumwa na watu weusi huru ya kuuangusha utawala. Watu walifungwa kwenye ngazi na kuchapwa viboko mpaka waseme, wengine mpaka wafe, na msako wote ukabaki na jina hilo, La Escalera, Ngazi. Plácido alitajwa kuwa kiongozi. Tarehe 28 Juni 1844, pale Matanzas, alipigwa risasi pamoja na wenzake kumi. Gerezani alikuwa ametunga dua kwa Mungu, akiapa kwamba hana hatia, na inasimuliwa kwamba aliisoma kwa sauti akiwa njiani kwenda kuuawa. Wakuba wanaijua kwa moyo mpaka leo. Ukiniuliza ni nani mkubwa kati ya wote walioitwa Valdés, Trafalgar na Ayacucho zikiwemo, nitakutajia huyu fundi wa vitana.

Na jina likawa mfano. Cirilo Villaverde alipoandika riwaya kubwa ya Kuba ya karne ya 19, iliyotoka kamili New York mwaka 1882, shujaa wake ni msichana chotara aliyezaliwa kwa siri na mfanyabiashara tajiri wa watumwa, anayependana na kijana asiyejua kuwa ni kaka yake. Akamwita Cecilia Valdés. Msomaji wa Kikuba hakuhitaji maelezo: jina tu lilishasema kwamba baba yupo na anajificha. Mwaka 1932 Gonzalo Roig akaigeuza kuwa mchezo wa kuimbwa, na ukaimbwa Havana hadi kila mtu akaujua.

Basi sasa tumefika kwenye santuri za mzee. Bebo, yaani Ramón Emilio Valdés Amaro, alizaliwa Quivicán, kusini mwa Havana, tarehe 9 Oktoba 1918. Alipiga kinanda na kupanga muziki Tropicana, klabu ya usiku ya Havana, katika miaka ya 1940 na 1950. Mwaka 1960 aliondoka Kuba, akaishia Stockholm, na kwa miongo mitatu hivi Uswidi ilikuwa na mmoja wa wapiga kinanda wakubwa wa dunia akicheza kwenye mabaa ya hoteli huku wageni wakila. Mwaka 1994 alirekodi upya, na mwaka 2003 akatoa na mwimbaji wa flamenko Diego el Cigala albamu ya Lágrimas Negras, akiwa na zaidi ya miaka 80. Alifariki Stockholm mwaka 2013. Mwanawe Chucho, Dionisio Jesús Valdés Rodríguez, alizaliwa Quivicán hiyo hiyo, tarehe hiyo hiyo ya 9 Oktoba, mwaka 1941. Alibaki Kuba, na mwaka 1973 akaanzisha Irakere, bendi iliyoingiza ngoma za ibada za Kiyoruba ndani ya jazi. Baba na mwana walitengana miaka mingi, halafu wakakaa vinanda viwili na kurekodi pamoja.

Na kwa mtu wa Morogoro sina haja ya kueleza kwa nini sauti hizo zilimgusa baba yako. Huo ndio mji wa Salum Abdallah, aliyeanzisha huko bendi iliyokuja kujulikana kama Cuban Marimba.

Kama unataka kujipimia mwenyewe siku nyingine, tazama jina la pili. Cayetano ni Valdés y Flores: pande mbili zinajulikana, na zote ni za watu wenye vyeo. Bebo ni Valdés Amaro, Chucho ni Valdés Rodríguez: la kwanza la baba, la pili la mama, utaratibu wa kawaida wa familia. Kwa Bebo, jina peke yake halikwambii ni babu yupi alilipokea kwanza, wala kama alilipata kwa askofu, kwa bwana wa watumwa au kwa mhamiaji kutoka Asturias. Kwa hilo hufunguliwa vitabu vya ubatizo vya parokia, mzazi kwa mzazi kurudi nyuma, na Kuba vitabu hivyo vipo, kwa miaka mingi vikiwa viwili viwili: kimoja cha weupe, kingine cha weusi na machotara. Lakini ukimkuta Mkuba wa zamani anaitwa Valdés tu, hakuna cha pili, kuna uwezekano mkubwa umesimama mbele ya mtoto wa susu. Plácido aliandikwa hivyo: Gabriel de la Concepción Valdés. "Concepción" lililomo humo ni jina la mama yake.